Daladala za Segerea–Kariakoo: asubuhi nazisifu, jioni tunakatishwa Buguruni

Mtu akitaka kuhamia Tabata, hapa Dar es Salaam, huwa ananiuliza usafiri kabla ya kuuliza maji wala umeme, na ana haki. Mimi naishi Segerea, upande huohuo wa Tabata, nauza vitenge na madira Kariakoo kwenye duka la watu, mtaa wa Congo. Daladala ndiyo inanipeleka na ndiyo inanirudisha, Jumatatu mpaka Jumamosi, mwaka wa ngapi huu. Nitaisema huduma hii kama mteja wake wa kudumu, na nitaanza na kilicho kizuri, kwa sababu kipo.

Asubuhi hawa watu wanajitahidi. Ukifika stendi kabla ya saa kumi na mbili unakuta kosta zimepangana, wapiga debe wanaita "Kariakoo, Buguruni, Ilala Boma, Karume," gari inajaa, konda anagonga bodi mara mbili, mnaondoka. Wenye kazi za mjini wako wengi na wote wanatoka muda mmoja, hivyo hakuna kukaa stendi mkisubiri abiria. Barabara bado nyeupe. Mnapita Barakuda, Bima, mnatokea barabara ya Mandela, mnakunja Buguruni, mnashika Uhuru, na kabla jua halijawa kali mko Karume, Machinga Complex iko kando yenu. Duka letu linafunguliwa saa mbili. Nikipanda gari ya mapema nafika, napata chai na chapati mbili kwa mama wa pale kona, ndipo namsaidia mwenzangu kutoa marobota nje.

Nauli nayo siilalamikii. Inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, haipangwi na konda, na ilipopanda Desemba 2023 safari isiyozidi kilomita 10 iliwekwa shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Njia yetu ni ndefu kidogo zaidi ya hapo, kwa hiyo unaongeza kidogo. Bodaboda kwa umbali huohuo atakutajia bei ambayo kwa mshahara wa muuza duka ni ya siku ya msiba au ya mgonjwa. Konda wachache siku hizi ukikosa chenji wanakubali umtumie kwa simu, na hilo limepunguza ugomvi wa asubuhi.

Sasa ukichelewa kidogo, saa moja kasorobo hivi, unakuta dunia nyingine. Gari inayoingia stendi inaingia imejaa tayari. Wale waliomo ndani wamepandia vituo vya mbele, wakaja nayo mpaka mwisho, wakalipa nauli mbili ili wasishuke. Tunaita kugeuza. Mtu wa Bima anapanda gari inayokuja Segerea, anakaa dirishani, anageuza nayo, na sisi wenye stendi yetu tunasimama. Wengi wanalichukia jambo hili. Mimi nimelikubali, maana kuna mama mmoja mwenye mguu mbovu tunayesafiri naye, anauza mboga Ilala, na bila kugeuza asingeweza kabisa kupata pa kukaa. Analipa mara mbili kila asubuhi ili akae. Vijana wenye miguu mizima wanaogeuza halafu wanajifanya wamelala mama mjamzito akisimama juu yao, hao ndio siwaelewi.

Kuhusu gari zenyewe sina mengi. Nyingi ni kosta kuukuu, siti zimeshonwa na kushonwa tena, dirisha moja linafunguka na jingine halifunguki. Siti ya kwenye injini, karibu na dereva, epuka mchana: joto linapanda mpaka kwenye nguo. Simu weka ndani ya mkoba gari inaposimama kwenye foleni, na mkoba mbele ya tumbo.

Foleni. Hapa nataka nimtendee haki dereva, kwa sababu mara nyingi abiria tunamtukana kwa kosa ambalo si lake. Barabara ya Mandela ndiyo njia ya malori ya bandarini. Malori yanayokwenda Zambia, Kongo na Rwanda yanapita hapohapo tunapopita sisi na kosta yetu. Lori moja likiharibika tairi karibu na Buguruni, basi sisi wa Tabata tumekwisha. Pale makutano ya Buguruni taa zipo, ila asubuhi na jioni anasimama trafiki anaongoza kwa mkono. Akiruhusu upande wa Mandela anauruhusu mpaka upate usingizi. Unaona dereva anazima injini. Akizima injini ujue anaijua hali. Abiria wa nyuma anaanza "suka vipi, tunachelewa jamani," na suka hajibu, kwa sababu hana cha kujibu.

Kwa foleni ya namna hiyo sipunguzi hata nyota moja. Kila mtu Dar anaijua, kila bosi anaijua, ukipiga simu dukani ukasema "niko Buguruni" hawakuulizi zaidi.

Kinachoniumiza ni jioni, na hapo ndipo nataka wenye gari na makonda wanisome.

Saa kumi na mbili jioni Kariakoo watu ni wengi kuliko gari. Sisi wa maduka tumefunga, machinga wamefunga mizigo, wanunuzi wa mikoani wana marobota yao, wanafunzi wa shule za mjini wako hapo na mabegi mgongoni. Gari ya Segerea inaingia, watu wanaikimbilia kabla haijasimama, wengine wanapitisha mkoba dirishani kuweka alama kwenye siti. Ubavuni imeandikwa Segerea na Kariakoo, kila herufi inasomeka. Unapambana, unapanda, unashika bomba. Konda anakusanya nauli kuanzia Karume, nauli yote mpaka Segerea. Mnafika Buguruni. Gari inasimama pembeni, injini inaungurumia palepale, konda anapiga bodi: "Mwisho wa gari! Wa Segerea tunawafaulisha, msijali."

Kufaulishwa maana yake mnasubiri pembeni mwa barabara mpaka konda wenu apate gari nyingine ya Segerea yenye nafasi, azungumze na konda wa gari ile, ampe sehemu ya nauli mliyolipa, mpande bila kulipa tena. Likifanyika hivyo, sawa, umechelewa lakini umefika. Shida ni kwamba saa hizo gari yenye nafasi haipo. Zinazopita Buguruni zimeshajaa kutoka mjini. Konda wenu anaweza kuwafaulisha watatu wenye sauti kubwa, halafu ghafla anaruka mlangoni, gari inageuza kurudi Kariakoo kuchukua wengine, nanyi mmebaki na giza na vumbi la malori.

Jioni moja ya mvua za masika tulibaki hivyo kundi zima. Mbele yangu alisimama binti wa sekondari, sketi imelowa mpaka magotini, ameshika viatu mkononi kwa sababu maji yalikuwa yanapita juu ya lami. Alikuwa ameshalipa zile 200 zake na hakuwa na nyingine. Kila gari iliyosimama konda alimwambia "mwanafunzi subiri, subiri kwanza," maana nafasi moja ya mwanafunzi ni nafasi ya mtu mzima iliyopotea. Baba mmoja mwenye kofia ya kufuma alimwuliza, "Mwanangu unashukia wapi?" Akasema Segerea mwisho. Yule baba akasimama mlangoni mwa gari iliyofuata, akaweka mkono wake kwenye nguzo ya mlango, akamwambia konda, "Huyu anapanda kwanza, nauli yake ya mtu mzima hii hapa." Konda akasogea. Binti akapanda, akasema "ahsante baba, shikamoo," akiwa tayari juu, na gari ikaondoka yule baba akiwa bado chini. Namkumbuka kwa sababu hata yeye alikuwa anakwenda hukohuko.

Nimejaribu kuelewa kwa nini wanakatisha, na nimewauliza makonda wenyewe siku gari ikiwa tupu na stori zinaruhusu. Gari si za dereva. Tajiri anampa dereva gari kwa hesabu, kiasi fulani kila siku, ipate isipate. Mafuta anaweka dereva. Kikibaki kitu baada ya hesabu na mafuta, ndiyo riziki yake na konda wake, na kama kuna deiwaka aliyemshikia gari mchana naye anakula humohumo. Sasa jioni kutoka Kariakoo mpaka Buguruni gari imejaa mpaka mlangoni. Kutoka Buguruni kuingia Tabata watu wanashuka tu, hapandi mtu. Na ukishafika Segerea unarudi mjini na siti tupu, kwa sababu saa hizo nani anakwenda mjini? Dereva anayekatisha Buguruni anapata safari mbili za gari iliyojaa kwa muda ambao mwenzake mwaminifu anapata moja. Ukiwa na hesabu ya tajiri kichwani na saa mbili zimebaki, hilo ni jaribu kubwa, na nalielewa.

Lakini kulielewa hakumfikishi mtu nyumbani. Leseni ya gari inataja njia kutoka mwanzo hadi mwisho, na kukatisha ruti ni kosa, hilo kila konda analijua. Ndiyo maana wakiona gari ya trafiki wanabadilisha maneno na kusema gari imeharibika. Mimi nimeshalipa mpaka Segerea. Nimepanga siku yangu mpaka Segerea. Mtoto wangu ameachwa kwa jirani mpaka saa moja na nusu, na jirani naye ana vyungu vyake jikoni.

Ninachokiomba ni kidogo sana kuliko wanavyodhani. Kama gari inaishia Buguruni, konda aseme mlangoni, Kariakoo, kabla sijapanda, na achukue nauli ya Buguruni. Basi. Nikitaka kupanda nitapanda nikijua, nitashuka Buguruni na chenji yangu mkononi, nitatafuta gari nyingine.

Na najua inawezekana, kwa sababu yupo anayefanya hivyo. Ni kijana mwembamba, mara zote ana taulo dogo shingoni, simtaji jina kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Kabla gari haijasimama vizuri anaanza: "Hii mwisho Buguruni, jamani, mwisho Buguruni! Mama wa Segerea usipande, inayofuata ndiyo yako." Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani anachagua abiria. Hapana. Siku anazofika mpaka mwisho anasema "hii inafika Segerea mwisho, haikatishi," na kweli inafika. Siku tajiri wake ameita gari mapema gereji anasema hivyohivyo. Chenji anarudisha kabla hujaiomba. Mwanafunzi anampandisha na kumwambia asimame mahali asipokanyagwa. Abiria wa njia hii wanamjua, na nimeona kwa macho yangu watu wakiacha gari yenye siti wakamsubiri yeye wasimame. Matajiri wa gari wanaosema uaminifu haulipi wangekuja wakasimama pale Kariakoo wakaone foleni yake.

Kuhusu mvua niseme kidogo. Mvua ikinyesha asubuhi gari zinapungua, kwa sababu barabara nyingi za ndani za Tabata ni za udongo na magari yanayolala huko hayatoki. Hata ukiwa stendi saa kumi na moja na nusu utasubiri. Siku hizo napiga simu dukani kabla sijatoka nyumbani. Wengine wanakwenda Tabata Relini kuvizia treni ya mjini, ile iliyoanza Oktoba 2012 kutoka Ubungo Maziwa mpaka Stesheni na watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Kwa mtu wa Relini au Matumbi ni nzuri, haina foleni ya malori. Kwa sisi wa Segerea kuifikia tu kunahitaji daladala au bajaji, na ina saa zake za asubuhi na jioni, ukiikosa umeikosa. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yanapita Morogoro Road kwenda Kimara, na kwa anayekaa Segerea Kimara ni safari nyingine.

Mama yangu akinisikia nalalamika hunikumbusha miaka yao. Mabasi binafsi yaliporuhusiwa mjini mwaka 1983 ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yalikuwa yamepungua na watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka kazini. Yeye alipanda chai maharage, zile gari mnazokaa benchi mkitazamana, magoti kwa magoti, bila kumjua aliye mbele yako. Namheshimu mama, na ninajua tumetoka mbali. Ila yeye mwenyewe anasema chai maharage ilikuwa ikimfikisha.

Kwa hiyo nikiulizwa, najibu hivi. Kama kazi yako inaanza mapema na unarudi kabla ya saa kumi jioni, njia ya Segerea–Kariakoo ni miongoni mwa njia nzuri za mjini: gari nyingi, nauli inavumilika, vituo viko karibukaribu, makonda wanakusaidia mzigo. Nazipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Kama unatoka Kariakoo saa kumi na mbili na kuendelea, nyota mbili, na ya pili naitoa kwa ajili ya wale wachache wanaosema ukweli mlangoni.

Mambo ya kukusaidia jioni ni haya. Uliza "inafika mwisho?" kwa sauti ambayo na abiria wengine watasikia, konda akijibu mbele ya watu kumi anaona haya kugeuka baadaye. Usitoe nauli yote Karume. Mwambie utalipa ukivuka Buguruni, na kama anakataa na kung'ang'ania, hiyo ni dalili. Tumia pia gari za Kinyerezi, kwa sababu zinapita Segerea na nyingi zinapitiliza. Ukifaulishwa, usitawanyike, kaeni kundi moja mbele ya mlango na mtu mmoja aongee, wenye kutawanyika ndio wanaoachwa. Namba ya gari piga picha ukiwa bado juu, maana ikishageuza hutaiona tena, na LATRA wanapokea malalamiko ya ruti kukatishwa ukiwa na namba ya gari, mahali na saa.

Na kama una mtoto anayesoma mjini, mpe nauli ya ziada aiweke sehemu tofauti na ile ya kawaida. Mfundishe kupanda Kariakoo penyewe, asisubiri vituo vya mbele ambako gari zinapita zimejaa, na mwonyeshe konda gani wa njia yenu anapandisha wanafunzi. Wapo. Wa njia yetu nimeshamwonyesha mtoto wangu: yule wa taulo shingoni, na yule mwingine mzee wa gari ya Kinyerezi anayewaita wanafunzi wote "wajukuu."